Neno "Take Off" la Kiingereza, na Mikia ya Vitenzi vya Kiswahili

Walimu wenzetu waliofundisha Kiingereza wajua ya kuwa maneno yanayowashinda wanafunzi wetu si yale marefu. Neno refu lina sura yake. Mwanafunzi akilikuta mara mbili, la tatu hulitambua. Yanayomshinda ni maneno mafupi yaendayo mawili mawili, ambayo kila moja peke yake alijua tangu zamani, lakini yakiisha kushikana maana yake huwa nyingine, na kesho nyingine tena. Katika habari hii twataka kueleza moja la maneno hayo, nalo ni take off. Hatukuanza kulichunguza kwa kupenda elimu tu. Tulianza kwa sababu ya kosa letu wenyewe.

Kunduchi ni mji wa kale wa wavuvi, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, na siku hizi jiji limeufikia na kuupita. Magofu ya msikiti yangaliko, pamoja na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, yakishuhudia kwamba watu wa pwani hii walipokea vitu vya mbali tangu zamani, wakavipa mahali pao. Mbele ya mji kiko kisiwa cha Mbudya, na ufukweni madau na ngalawa huleta samaki. Watoto wa wavuvi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kwa kuwa tangu mwaka 1967 ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali huku bara. Kisha wakipanda sekondari hukuta masomo karibu yote yamo katika Kiingereza. Hapo ndipo yale maneno mafupi huwangojea.

Siku moja tuliandika ubaoni sentensi isemayo The plane took off at noon, tukawataka wanafunzi waieleze kwa Kiswahili. Mvulana mmoja, mjukuu wa mvuvi, akasimama, akasema, "Ndege ilivua saa sita mchana." Darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akauliza ilipata samaki wangapi. Mwingine akauliza kama ilivua shati au kofia. Nasi, twaona haya kuliandika, tulicheka pamoja nao. Mvulana akaketi. Tangu siku ile hakuinua mkono tena. Muhula ulipokwisha, alama zake za Kiingereza zilikuwa zimeshuka sana, na siku za bamvua akawa haonekani darasani, bali huenda baharini na babu yake. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba chomboni hakuna anayemcheka.

Baadaye tuliomba kuiona kamusi ndogo aliyokuwa akiitumia. Tukalitafuta neno take off, tukalikuta, na mbele yake limeandikwa neno moja tu: vua. Basi kijana hakubuni kitu. Aliuliza kitabu, kitabu kikamjibu, akaleta jibu lile darasani kwa uaminifu. Ndipo tulipoona kwamba si haki kumhukumu mwanafunzi kabla ya kulihukumu neno lenyewe, tukaanza kutafuta habari zake.

Neno hili lina nusu mbili. Nusu ya kwanza, take, si la Waingereza wa kwanza. Lililetwa na watu wa Skandinavia waliovuka bahari wakakaa Uingereza kabla ya mwaka 1100, nalo kidogo kidogo likalishinda neno la zamani lililokuwa na maana iyo hiyo ya kutwaa. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kushangaa, maana twajua jinsi maneno yanavyoshuka pamoja na mizigo ya vyombo. Nusu ya pili, off, ilikuwa zamani neno moja na lile of wanafunzi wanalojifunza mapema. Moja lilitamkwa kwa nguvu na jingine kwa ulaini, hata yakatengana. Maana ya asili ya off ni kuachana: kitu kilikuwa juu ya kitu, au kimeshikamana nacho, sasa kimetoka.

Maana hii ya kuachana ndiyo shina, na matawi yake ni mengi. Mtu akitoa nguo mwilini, ni take off. Mwenye duka akipunguza shilingi mia katika bei, ni take off. Mfanyakazi akipewa ruhusa ya siku moja asifike kazini, siku ile nayo huwa off. Mtu akiondoka ghafula akashika njia, ni take off. Mtu akimwiga mwenziwe kwa mzaha, sauti yake na mwendo wake, hilo nalo huitwa take off. Farasi arukapo kiunzi, pale miguu yake iachapo nchi ni take off. Na baada ya ndugu wawili Wright wa Marekani kurusha chombo chao chenye injini mwaka 1903, neno la mrukaji likapewa eropleni pia. Hata wataalamu wa uchumi walilitwaa: mwaka 1960 Mmarekani W. W. Rostow aliandika kwamba nchi zipitazo katika kuendelea hupita daraja tano, na daraja ya tatu akaiita take-off, yaani wakati uchumi unapoiacha nchi kavu na kupaa kama ndege.

Wako wasemao kwamba Mwingereza mwenyewe haoni taabu katika maneno haya, na kwamba mgeni akishindwa ni kwa uvivu wake. Lakini Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza mjini London mwaka 1755, hakusema hivyo. Katika dibaji yake alieleza kwamba desturi hii ya kukigeuza kitenzi kwa kijineno kinachokifuata imeenea sana katika Kiingereza, na kwamba ndiyo iwapayo wageni taabu kubwa kuliko zote. Akataja mifano kadhaa, na mmoja wao ni take off. Naye akalieleza kwa maana ya kuiga. Hakutaja nguo wala safari. Eropleni ilikuwa bado kuzaliwa. Hata jina la kuyaita maneno haya kwa pamoja lilikawia kuenea, mpaka Logan Pearsall Smith alipoandika juu yake mwaka 1925, akasema jina lile, phrasal verb, alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Basi mkuu wa kamusi za Kiingereza alisimama upande wa mwanafunzi wetu miaka mia mbili na zaidi kabla hatujamcheka.

Sasa na tutazame upande wa Kiswahili. Mabwana wa misheni waliotangulia kuandika lugha yetu kwa herufi za Kirumi walikutana na tatizo hili kwa njia mbili. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya maneno kutoka vinywani mwa watu, akayaeleza kwa Kiingereza. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Aendaye kwa njia hiyo hukuta vua, ambua, bandua, kila moja mahali pake, naye huweza kuyaeleza yote kwa take off bila kusumbuka. Edward Steere, katika kitabu chake cha lugha ya Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliandika orodha za pande zote mbili. A. C. Madan, wa misheni iyo hiyo ya Unguja, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Aendaye kutoka Kiingereza hana raha ya Krapf. Amesimama na neno moja mkononi, na mbele yake maneno ishirini ya Kiswahili yamngojea, kila moja likitaka lipewe haki yake.

Kamati ya Lugha ya nchi nne, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ilianza kazi mwaka 1930, na mwaka 1939 zikatoka kamusi mbili kubwa alizozishughulikia Frederick Johnson juu ya msingi wa Madan. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoirithi kazi ile, ilitoa kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996. Kamusi kubwa hutenga maana na kuzihesabu. Lakini kamusi kubwa ni ghali, na mtoto wa mvuvi hununua ndogo. Na kamusi ndogo, ili iwe ndogo, huchagua jibu moja na kuyaacha mengine. Hivyo taabu ya maskini huanza katika kitabu chenyewe.

Tulikwenda kumtazama mvulana nyumbani kwao, jioni, maji yakiwa yamekupwa. Babu yake alikuwa chini ya mkungu, akitengeneza wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, keti."

Tukaeleza habari ya darasani, wala hatukuficha kicheko chetu. Mzee akanyamaza kitambo, akiendelea na uzi wake. Kisha akasema, "Kweli, mwalimu, ndege haivui. Mimi ndiye nivuaye. Lakini mjukuu wangu aniambia neno la Kizungu lilikuwa ni lile lile alilosoma kitabuni. Sasa kosa la mtoto liko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Mzee akaonyesha kwa mkono. Jikoni, binti yake alikuwa akitoa chungu motoni. "Yule afanya nini?" Tukasema, anaipua chungu. "Na yule mdogo, uwanjani?" Alikuwa akikusanya dagaa waliokuwa juani, tukasema, anaanua dagaa. "Na mimi hapa?" Alikuwa ametoa samaki mdogo aliyesalia katika tundu la wavu, tukasema, unanasua samaki. "Na haya yote Kizungu chayaitaje?" Tukafikiri, tukaona kwamba kwa haya matatu Mwingereza aweza kutumia take na off, akabadilisha tu jina la kitu. Mzee akacheka. "Basi Mzungu ana kisu kimoja kwa kazi zote. Sisi kila kazi ina kisu chake. Mtoto apewaye kisu kimoja akaambiwa tafuta mwenziwe katika visu vyetu, atakosaje kukosea?"

Maneno ya mzee yalitufungua macho, na tulipokuwa tukirudi tukaona jambo ambalo hata yeye hakulitaja. Ipua, anua, nasua: visu hivi vyote vina mpini mmoja. Mwisho wake ni -ua.

Wasomaji wetu na watazame maneno haya mawili mawili. Mtu hufunga mlango, kisha hufungua. Hufunika chungu, kisha hufunua. Hubandika karatasi ukutani, kisha hubandua. Huanika nguo, kisha huanua. Huezeka nyumba, kisha huezua. Hupakia mzigo, kisha hupakua. Hunasa samaki, kisha humnasua. Hutwika kikapu, kisha hutua. Katika kila jozi neno la kwanza laweka kitu juu ya kitu au ndani ya kitu, na la pili latoa. Ile -ua ya mwisho ndiyo ifanyayo kazi ya kutangua. Ndiyo off yetu. Tofauti ni kwamba Mwingereza huacha kitenzi chake kimoja na kukifungia kijineno nyuma kama mtumbwi unaovutwa na dau, bali sisi huuingiza mkia ndani ya neno lenyewe, hata hauonekani kuwa ni mkia. Si kila neno lenye mwisho huu ni la namna hiyo. Chagua na nunua hayatangui kitu. Lakini yatanguayo ni mengi, na mtoto wa Kiswahili huyatumia tangu anapojifunza kusema, bila kufundishwa na mtu.

Na vua lenyewe je? Mzee alitupa mlango wa kuingilia pale tulipoagana, kwa mzaha tu. Alisema, "Avuaye samaki ni mvuvi. Avuaye shati aitwaje?" Hana jina. Kwa nini mmoja ana jina na mwingine hana, kama neno ni moja?

Jibu ni kwamba si neno moja. Ni maneno mawili yaliyofanana sura kwa kupita miaka. Vua ya nguo ni mwenziwe vaa, kama fungua alivyo mwenziwe funga. Katika Kinyanja, lugha ya majirani wetu wa Malawi, watu husema vala kwa kuvaa na vula kwa kuvua. Sisi tumeidondosha ile l ya katikati, kama tulivyoidondosha katika mvua, ambayo wao huiita mvula. Basi vua ya nguo ina ule mkia wa kutangua. Bali vua ya samaki ni shina jingine. Waganda husema kuvuba kwa kuvua samaki, na mvuvi humwita omuvubi. Kiswahili kimeipoteza ile b katika kitenzi, lakini alama yake imesalia katika jina: mvuvi, uvuvi. Na anayetaka ushahidi zaidi na atazame neno iba, ambalo mtendaji wake watu wa zamani walimwita mwivi. B ya kitenzi imegeuka v mbele ya i. Hivyo kila mvuvi wa Kunduchi amebeba katika jina la kazi yake herufi ambayo lugha imeisahau mahali pengine.

Na matumizi ya vua yamezaa kama yalivyozaa yale ya take off. Samaki huvuliwa, joho huvuliwa, na mtu huvuliwa cheo. Kamusi za zamani zataja na maana ya kumwokoa mtu katika shida. Kumvua mtu nguo mbele za watu ni kumwaibisha, hata kama shati lake liko mwilini. Kumvulia kofia ni kumheshimu. Mwaka 2011 viongozi wa chama kinachotawala walieneza usemi wa kujivua gamba, kwa mfano wa nyoka aachaye ngozi kuukuu, na nchi nzima ikaushika. Mwingereza ajifunzaye Kiswahili akiandika kwamba waziri amevuliwa, nasi tukamwuliza kama alinaswa kwa ndoana au kwa wavu, atakuwa amepatwa na lile lile lililompata mvulana wetu.

Hivyo basi lugha hizi mbili si mbali kama tulivyodhani. Kila moja huiweka habari ya kuachana katika mkia. Moja huuacha mkia nje, moja huuingiza ndani. Mwanafunzi wa Kunduchi anayo elimu hii tayari. Kosa letu walimu ni kumfundisha take off kana kwamba ni kitu kigeni kabisa, tukampa neno moja la Kiswahili alishike, badala ya kumwonyesha kwamba jambo lenyewe lipo kinywani mwake.

Yatupasa kueleza tulivyofanya. Muhula ulipoanza tulisimama mbele ya darasa, tukasema kwamba siku ile tulikosea kucheka, na kwamba jibu la mwenzao lilitoka katika kitabu, wala halikutoka katika ujinga. Kisha hatukuuliza tena, "Take off kwa Kiswahili ni nini?" Tuliuliza, "Nini kimetoka juu ya nini?" Kofia juu ya kichwa: vua. Chungu juu ya moto: ipua. Karatasi juu ya ukuta: bandua. Paa juu ya nyumba: ezua. Fedha katika bei: punguza. Darasa likawa kama soko, kila mmoja akitaka kusema. Tulipofika kwenye ndege juu ya nchi pakawa kimya kidogo, maana hapa Kiswahili hakina neno la kutangua. Ndipo mkono ukainuka kutoka nyuma, mkono ambao hatukuuona kwa miezi mitatu. "Ndege iliruka," akasema, kisha akaongeza, "au ilipaa. Ile off ni nchi inayoachwa." Hakuna aliyecheka.

Twawashauri wenzetu mambo matatu. La kwanza, neno la namna hii lisifundishwe peke yake kamwe, bali pamoja na kitu kinachotoka na mahali kinapotoka, kwa kuwa maana imo katika hivyo viwili kuliko katika neno. La pili, kila shule iwe na kamusi moja kubwa mahali ambapo mtoto aweza kuifikia, hata kama hawezi kuinunua. La tatu, mwanafunzi akijibu jambo la kuchekesha, aulizwe kwanza amelipata wapi.

Wazee wetu husema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nchi yetu iliwavulisha nguo watoto wake mbele ya maji ya Kiingereza, ikawaambia waingie. Sisi walimu ndio tusimamao ukingoni, na anayesimama ukingoni kazi yake ni kuwaonyesha penye kina na penye mwamba. Mvulana yule ameendelea na shule. Siku za bamvua bado huenda baharini, lakini sasa huenda Jumamosi.